Toba ya Kamaru na Nyimbo Alizotuachia

Mwaka 1993 Joseph Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Aliivunja bendi yake, Kamaru Super Stars, akaziacha nyimbo zilizokuwa zimelipeleka jina lake kutoka Kangema, alikozaliwa mwaka 1939, hadi Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki, akageukia nyimbo za Injili. Wengi wa mashabiki wake hawakumfuata. Mauzo ya kanda zake yalishuka, huku zile nyimbo za zamani zikiendelea kupigwa kwenye matatu, hotelini na redioni kana kwamba mwenyewe hajasema lolote juu yake. Alipofariki Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018, watu wa Mlima Kenya walimlilia zaidi kwa nyimbo alizoziacha kuliko kwa zile alizozichagua mwishoni. Jambo hili huwasumbua Wakristo wengi wa upande huu wa nchi, na lina haki ya kuwasumbua. Mtu akitubu, je, kazi ya mikono yake nayo inatubu pamoja naye? Na sisi tunaoendelea kuipenda kazi hiyo, tunashiriki dhambi ambayo mwenyewe ameikimbia, au tumepokea kitu ambacho hakikuwa na haja ya kutubiwa?

Kamaru hakuwa wa kwanza kulizua swali hili. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo na kujijengea jina Dar es Salaam akiwa na Super Matimila, alimaliza safari yake akiwa mlokole anayeimba Injili, na alipofariki Desemba 2010 aliacha nyuma wimbo "Kifo" ambao hakuna mhubiri anayeweza kusema hauhusu mambo ya mwisho ya mwanadamu. Cosmas Chidumule alitoka bendi ya Mlimani Park akaingia katika muziki wa Injili. Huko Uingereza, mwimbaji Cat Stevens alisilimu mwaka 1977, akawa Yusuf Islam, akaliweka gitaa kando kwa miaka mingi kabla ya kulirudia. Lakini huku Nyeri na miji inayouzunguka mlima swali lina uzito wake wa pekee, kwa sababu imani na wimbo vimekutana hapa kwa nguvu kuliko sehemu nyingi za Kenya. Wamisionari wa Consolata walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 na Mathari pakawa kitovu chao. Waskoti wakajenga Tumutumu karibu na Karatina. Kisha Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapanda hadi kwenye miteremko ya mlima na kuzaa kizazi cha waliookoka ambao baadhi yao, wakati wa Mau Mau, walikubali kuuawa kuliko kula kiapo. Watu wa namna hiyo wanaposema kwamba wimbo fulani ni wa kidunia, hawasemi mchezo. Wanastahili jibu lililofikiriwa.

Jibu langu ni kwamba toba ni ya mtu, haiwezi kuwa ya wimbo. Kamaru alikuwa na haki kamili ya kuigeuza njia yake, na sina la kumhoji katika hilo. Ila kuokoka kwake hakukuzifanya nyimbo zake za zamani kuwa dhambi, kama vile kuimba Injili peke yake kusivyoufanya wimbo kuwa mwema. Wimbo hupimwa kwa kile unachokifanya kati ya watu: kama unasema kweli, kama unamtetea aliyeonewa, kama unamwombolezea anayestahili kuliliwa, kama unaleta furaha isiyomdhulumu mtu. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya kazi ya Kamaru Super Stars ilikuwa imesimama upande wa haki muda mrefu kabla ya mwimbaji kusimama madhabahuni.

Tuanze na historia, maana mgawanyo wenyewe wa nyimbo za Mungu upande mmoja na nyimbo za dunia upande wa pili una umri mdogo kuliko tunavyodhani. Kabla ya misheni, Mkikuyu aliimba akilima, akimtahiri mtoto, akimwozesha binti na akimwomba Ngai chini ya mti wa mugumo, wala hapakuwa na kundi moja la nyimbo lililotengwa kwa ajili ya Mungu na jingine kwa ajili ya mambo yasiyomhusu. Tutazame gicandi. Mwimbaji alishika kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama nje, akakitikisa huku akighani mafumbo sokoni mbele ya umati, na mpinzani wake akatakiwa kuyafumbua kwa beti. Ndani ya mashairi hayo mlikuwamo safari, vita, mapenzi, kifo na Mwenyezi Mungu, vyote katika pumzi moja. Kimani Njogu, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kama mtafiti wa fasihi yetu, aliyachunguza majibizano hayo sambamba na yale ya washairi wa Kiswahili. Tena aliyekusanya na kuchapisha maandishi muhimu ya gicandi mwaka 1973 alikuwa mmisionari wa Consolata, Vittorio Merlo Pick. Padri huyo hakuona kwamba imani yake inamzuia kukitunza kibuyu cha sokoni.

Mgawanyo ulikazwa katika mvutano wa mwaka 1929. Makanisa ya misheni yalipowataka waumini wakane tohara ya wasichana, vijana waliitikia kwa ngoma ya Muthirigu, wakiwaimba wamisionari na machifu kwa majina, na mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku. Tangu hapo kuimba wimbo fulani kulitosha kuonyesha uko kambi ipi. Hata hivyo nyimbo zenyewe hazikuiheshimu mipaka hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1950, wafuasi wa harakati za uhuru walichukua sauti za tenzi za kanisa wakazitia maneno ya ardhi na uhuru, hivi kwamba Mzungu aliyepita njiani aliweza kudhani watu wanamsifu Mungu tu. Mwomboko, ngoma ya kinanda cha mkono na pete ya chuma ya karing'aring'a, ilichukua hatua za dansi za Wazungu ikazifanya za Murang'a na Nyeri, na leo wazee huicheza kwenye sherehe za taifa. Siku hizi mtu akifungua redio ya Kikuyu asubuhi ya Jumapili atasikia Injili inayoimbwa juu ya mapigo ya benga yaleyale, gitaa lilelile la solo likikimbia mbele na besi ikilifuata. Kama udunia ungekuwa katika gitaa, kwaya nyingi zingekuwa zimeshapotea. Kama utakatifu ungekuwa katika sauti ya utenzi, serikali ya kikoloni isingekuwa na sababu ya kuziogopa tenzi zile.

Kwa hiyo tuliache gitaa tuyaangalie maneno. Chukua "Ndari ya Mwarimu", mmoja wa nyimbo zilizomletea Kamaru sifa na matatizo kwa pamoja. Unahusu mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake kuwa mpenzi. Ulipotoka, walimu walikasirika, chama chao, KNUT, kikaupinga, na kukawa na tishio la mgomo. Kila mzazi wa Mukurwe-ini au Othaya alijua jambo analoliimba Kamaru lilikuwapo. Wazee wa kanisa walilijua, na maofisa wa elimu walilijua. Aliyelitaja hadharani, kwa lugha ambayo msichana mwenyewe angeielewa, alikuwa mpiga gitaa aliyeanzia maisha ya Nairobi mwaka 1957 kwa vibarua. Ukiuita wimbo huo wa kidunia kwa maana ya kwamba unazungumzia dunia hii, sina ubishi. Lakini ukisema kwamba haumhusu Mungu, itabidi unieleze ni Mungu gani asiyehusika na msichana anayeharibiwa masomo na mtu aliyekabidhiwa amlinde.

Ushahidi mzito zaidi ni wa mwaka 1975. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini ambaye wazazi wake walitoka Chinga upande wa Othaya, alitoweka tarehe 2 Machi, na mwili wake ukapatikana Ngong. Alikuwa amesema waziwazi kwamba Kenya inageuzwa kuwa nchi ya matajiri wachache na mafukara wengi. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, nayo ikafanya kazi ya ujasiri. Lakini mtu wa kawaida katika soko la Karatina hakuwa na njia ya kuuliza ni nani aliyeua bila kujihatarisha. Kamaru alimtungia JM wimbo wa maombolezo. Idhaa ya taifa haikutaka usikike, watu wakautafuta kwenye santuri. Hapa ningependa ndugu zangu wanaoijua Biblia wakumbuke jinsi nabii Nathani alivyomwendea Mfalme Daudi baada ya Uria kuuawa. Nathani alikwenda na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, kwa sababu mbele ya mwenye mamlaka hadithi hufika mahali ambapo shutuma haifiki. Mwimbaji aliyelitaja jina la JM wakati wakubwa wengi wamefunga vinywa alifanya kazi ya ukoo mmoja na ya Nathani. Naiita kazi ya imani, ingawa mwenyewe angengoja miaka kumi na minane kabla ya kujiita mtu wa imani.

Na mambo hayakuishia kwa JM. Mwaka 1990, wakati madai ya vyama vingi yalipopamba moto, kanda za nyimbo za Kikuyu zilizolalamikia mateso ya wananchi na ubomoaji wa mabanda ya maskini Nairobi ziliuzwa mitaani na kupigwa kwenye matatu, polisi wakawakamata wauzaji. Baadhi ya nyimbo hizo zilitungwa kwa umbo la sala kabisa, watu wakimwomba Mungu aiangalie nchi yao. Ni vigumu kuziweka kwenye rafu ya kidunia au ya kidini. Aliyeziimba alikuwa anaomba, aliyezisikiliza alikuwa anaitikia amina, na aliyezikamata alijua vizuri kwamba sala inaweza kuwa shauri la kisiasa. Mgawanyo wetu wa rafu mbili unashindwa hasa pale ambapo nyimbo zilikuwa na maana kubwa kuliko zote.

Mtu atasema: sawa, hizo ni za siasa na maadili, lakini Kamaru aliimba mapenzi pia. Ndiyo, na kwa wingi. "Celina", aliouimba na dada yake Catherine Muthoni miaka ya 1960, ndio uliomfungulia njia. Uzuri wa nyimbo zake za aina hiyo uko katika mazungumzo: sauti ya kiume inadai, ya kike inajibu, gitaa linapita katikati kama mtu wa tatu anayesikiliza, na msikilizaji anaachiwa apime mwenyewe nani ana haki. Humo msichana hupewa hoja na akili zake mwenyewe, jambo ambalo nyimbo nyingi za mapenzi, za zamani na za sasa, hazimpi. Kuhusu mapenzi yenyewe, Biblia iliyo mikononi mwa waliookoka ina kitabu kizima, Wimbo Ulio Bora, ambamo kijana na msichana husifiana miili yao mwanzo hadi mwisho, na mababa wa kanisa walikiacha ndani. Wengine walikisoma kama mfano wa Kristo na kanisa lake. Hata hivyo mfano huo hauwezi kusimama kama mapenzi yenyewe ni uchafu, kwa maana hakuna anayemfananisha Mungu na uchafu.

Sasa niyakabili mapingamizi, nikianza na zito kuliko yote. Kamaru mwenyewe aliziacha. Nani anazijua nyimbo hizo kuliko aliyezitunga? Kuendelea kuzipenda si kumdharau katika uamuzi mkubwa wa maisha yake? Hoja hii ina nguvu kwa sababu inamheshimu mtu. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba mambo yote aliyoyahesabu kuwa faida ameyahesabu hasara kwa ajili ya Kristo, na sisi tunamsadiki. Lakini tuangalie Paulo alihesabu nini. Alihesabu nafasi yake mbele ya Mungu. Alikataa kuutegemea ukoo wake na elimu yake kama njia ya kuokolewa. Hakuitupa elimu hiyo. Alijibu hoja za wapinzani wake kwa mafunzo aliyoyapata miguuni pa Gamalieli, na akitaka kusema na Waathene aliwakumbusha maneno ya washairi wao wenyewe wa kipagani. Vivyo hivyo mwimbaji anaweza kukataa kusimama mbele za Mungu kwa sifa ya nyimbo zake bila ya nyimbo hizo kugeuka uongo. Lakini zaidi ya hayo, wimbo uliokwisha kutolewa una wenyewe wengine. Wimbo wa JM ni wa waliofiwa na JM. Wa mwalimu ni wa wasichana waliojiona ndani yake. Kamaru angeweza kuacha kuuimba, na ni haki yake. Kuufuta katika vichwa vya watu waliofarijiwa nao hakukuwa katika uwezo wake, na sioni popote ambapo imani yake ilimdai hivyo.

Pingamizi la pili linatoka Matendo ya Mitume. Efeso, watu waliokuwa wakitumia uganga waliamini, wakaleta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Je, si kielelezo cha kuchoma santuri? Ningekubali kama santuri zingekuwa vitabu vya uganga. Vitabu vile vilikuwa zana za kazi ya kuwadanganya watu na kuwatoza. Kuvitunza kungekuwa kuitunza hila yenyewe. Maombolezo ya mtu aliyeuawa hayamdanganyi mtu. Tena angalia desturi ya wanauamsho wenyewe katika mikutano yao ya ushirika, ikiwamo ule mkubwa wa Kabete wa mwaka 1949. Aliyeokoka husimama akasimulia maisha yake ya zamani, ulevi wake, wizi wake, ugomvi wake, ndipo aeleze alivyopatikana. Ushuhuda usio na jana hauna la kushuhudia. Basi waliookoka hawakuwahi kuifuta jana. Waliibeba hadharani na kuipa maana mpya. Naomba nyimbo za zamani zitendewe hivyohivyo.

Pingamizi la tatu ni kwamba ninazipamba nyimbo hizi, nikificha zile zinazodhuru. Sizifichi. Katika miji ya Mlima Kenya zipo baa ambamo mpiga mugithi mmoja, na gitaa lake na maikrofoni, huchukua sauti ya wimbo wa kanisa akaitia matusi hadi wateja walio kwenye foleni ya dansi washindwe kutazamana. Muthirigu nilioutaja ulipinga dharau ya wageni, lakini pia uliwatukana wasichana ambao hawakutahiriwa, na kutetea jambo lililowaumiza. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walishtakiwa kwa tuhuma za uchochezi wa kikabila kutokana na nyimbo zao. Tuhuma hazimtii mtu hatiani, ila zinatukumbusha kwamba baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008 nchi ilikuwa na sababu ya kuogopa wimbo. Hata kwa Kamaru, wimbo ambao mimi ningeupima kwa ukali kuliko wote ni "Safari ya Japan", uliotokana na ziara yake na Rais Moi mwaka 1980 na kumsifu mtawala ambaye baadaye yeye mwenyewe alitofautiana naye. Wimbo huo hauna pombe wala uasherati. Hauna neno ambalo mzee wa kanisa angeliona aibu. Hapa ndipo kipimo cha kidunia na kidini kinapotuangusha: kingeuweka wimbo wa kumsifu mtawala kwenye rafu moja na maombolezo ya JM, na kingeweza hata kuukubali ule wa kwanza haraka zaidi. Kipimo cha kweli na haki kinavitenganisha mara moja.

Lipo pingamizi la nne, la huruma zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Yuko mtu ambaye kwake wimbo wa Kamaru ni baa, ni mshahara ulioishia kwenye chupa, ni usiku aliompiga mkewe. Ameacha pombe, na mapigo yale ya gitaa yakianza tu, kiu inarudi. Je, tumpigie? Paulo alikutana na shauri la namna hii Korintho, juu ya nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Alisema sanamu si kitu na nyama ni nyama, kisha akasema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye ataacha kula. Ndivyo ninavyosema juu ya wimbo. Usiupige nyumbani kwa ndugu huyo, wala kwenye gari unalosafiri naye. Lakini tusisahau kwamba Paulo alitoa sheria ya upendo kati ya ndugu wawili. Hakutoa hukumu juu ya nyama zote za soko la Korintho. Udhaifu wa mmoja unatudai adabu na uangalifu. Hautudai kusema uongo kuhusu chakula.

Wanafikra wakubwa wa Ukristo na Uislamu waliona jambo hili kwa namna zinazokaribiana. Agostino, askofu wa Hippo, alikiri katika Maungamo yake kwamba alihofia uzuri wa sauti unapomvuta kuliko maneno yanayoimbwa, na bado akaona afadhali uimbaji ubaki kanisani kwa faida ya walio dhaifu. Al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, alifundisha kwamba wimbo huamsha kile kilichomo moyoni tayari, na kwamba hukumu yake inategemea anayeimba, kinachoimbwa, hali ya kuusikiliza na moyo wa anayesikiliza. Wote wawili walikuwa wakali na nafsi zao, na hakuna hata mmoja aliyefika kusema kwamba wimbo ni haramu kwa kuwa tu haukutungwa kwa ajili ya ibada. Mzigo waliuweka kwa msikilizaji. Huko ndiko ninakotaka nasi tuuweke, kwa sababu ni rahisi mno kumwachia mwimbaji atubu kwa niaba yetu sote. Mtu aliyecheka akisikia "Ndari ya Mwarimu" na asifanye lolote kwa ajili ya binti wa jirani ana jambo lake la kutubu, hata kama Kamaru aliokoka mara kumi.

Itaulizwa basi, kama nyimbo za zamani zilikuwa njema, kuokoka kwa Kamaru kulikuwa na maana gani? Kulikuwa na maana yote ambayo kuokoka huwa nayo kwa mtu. Mtu anaweza kusema kweli juu ya dhambi za wengine na bado akahitaji amani na Mungu kwa ajili ya dhambi zake. Nathani mwenyewe alikuwa mtu. Kinachoniudhi ni ule uchumi wa kiroho unaodhani kwamba ili neema ionekane kubwa lazima yote yaliyotangulia yaonekane takataka. Kwa wale wanaomwamini Mungu aliyeumba, neema hailazimiki kuchafua ili ipate cha kusafisha. Kama Mungu alimpa kijana wa Kangema sikio, sauti na ujasiri, basi alikuwa akimpa vitu hivyo hata katika miaka ambayo kijana huyo hakumtaja mtoaji.

Kwa hiyo yapo mambo ninayoyaomba. Wachungaji wa Nyeri na miji ya jirani wawapokee wanamuziki wanaookoka bila kuwataka wazitukane kazi zao ili waaminike. Wawaulize, wimbo kwa wimbo, ulisema kweli au ulimdhulumu nani. Familia zenye santuri za zamani zisizitupe zinapohamia nyumba mpya au imani mpya, maana humo mna historia ya nchi ambayo vitabu vya shule havikuiandika. Mjukuu wa Kamaru, aliyerithi jina lake lote na kujulikana ulimwenguni kama KMRU, mtunzi anayefanyia kazi zake Berlin, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake ili zisipotee. Anastahili shukrani na msaada wa watu wa nyumbani kabla ya wageni. Na msikilizaji aliyeokoka anayesikia gitaa la Kamaru Super Stars likianza asione haya kubaki akasikiliza. Joseph Kamaru alitubu dhambi zake kama kila mtu anavyopaswa kutubu zake. Kumlilia J.M. Kariuki hakukuwa mojawapo ya dhambi hizo.